Rimoti ikasema Zohali iko chini ya upeo: kisa cha darubini ya kompyuta ya bei chee

Jumamosi ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2023, saa mbili na dakika kama kumi usiku, tuko uwanja wa mpira wa sekondari moja ya bweni nje kidogo ya Iringa mjini, wanafunzi 43 wamejifunga mashuka na masweta, na Zohali, ile sayari yenye pete, ile pale juu inaonekana kwa macho matupu, ya njano, imetulia tuli wala haimetimeti. Darubini yetu yenye kompyuta ndani inatuambia Zohali iko chini ya upeo, yaani haiko angani saa hizi, haionekani, chagua kitu kingine. Mtoto mmoja wa form one akasema kwa sauti "mbona ile pale" watu wakacheka, na mi nikacheka pia ila kicheko cha aibu, maana mimi ndo nilikuwa nimeipigia debe hiyo darubini miezi miwili mizima.

Nilimwahidi mwalimu kwamba nitakaa nikiandike hiki kisa chote mwanzo mwisho, sio cha kuisifia wala kuiponda, maana kila wiki mtu ananiuliza ninunue darubini gani na akishaona neno kompyuta kwenye boksi anadhani kazi imeisha.

Iko hivi. Mwalimu wa fizikia wa pale tumesoma wote, mimi nilikimbilia ufundi wa redio na simu na inverta, yeye akabaki na chaki. Shule ikachangishana, wazazi kidogo, waliosoma pale zamani kidogo, ikapatikana laki sita na ushee. Mmoja wa hao waliosoma pale anaishi Ujerumani na alikuwa anakuja likizo, akasema atafuteni mnachotaka mimi nabeba. Mezani kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza darubini ya kioo cha milimita 150 ile ya Dobson, haina umeme wowote, unaisukuma kwa mkono juu ya kitako cha mbao. Cha pili hii ya kompyuta, mtumba, kioo cha milimita 114, mota mbili na rimoti yenye orodha ya vitu zaidi ya elfu nne vya angani. Bei karibu sawa.

Nikisema ukweli kilichoamua sio sayansi, ni begi. Ile ya 150 bomba lake lina urefu wa mita moja na robo hivi, na kitako chake ni mzigo wa mtu mzima, hakuna begi la ndege linaloibeba. Hii ya kompyuta bomba lake ni fupi kama nusu mita, stendi inakunjwa, jamaa akaifunga na nguo zake ikatua Dar salama. Hapa kwetu ambapo duka la darubini sio kitu unachokuta kila mtaa, hiyo hoja ya begi ina uzito kuliko watu wanavyodhani, yaani kwenye video za Wamarekani huwezi kuisikia kabisa, kila mmoja anakwambia nunua Dobson nunua Dobson, sawa, ije na nini?

Sababu ya pili mwalimu mwenyewe aliisema, kwamba yeye angani anajua Mwezi, Zuhura, Kilimia na basi. Akasema ikiwa inatafuta yenyewe si ndo nzuri. Na hapo ndo tulipoingia mkenge kidogo.

Hizi mashine zilivyo, kompyuta haioni chochote. Watu wengi hawalijui hili. Haina jicho, ina saa tu na hesabu. Unaiambia uko wapi duniani, leo ni tarehe ngapi, sasa hivi ni saa ngapi, halafu unaionyesha nyota mbili kwa kuziweka katikati ya lenzi ya kuchungulia, kutoka hapo inapiga hesabu anga lote limekaaje na inageuza bomba kuelekea unachotaka. Meade, kampuni ya darubini ya Marekani, walitoa LX200 mwaka 1992 ikiwa kitu cha watu wenye hela zao, mwaka 1999 wakaleta ile ndogo ya ETX yenye rimoti ya Autostar na bei ikaanza kushuka. Hesabu za ndani kwa kawaida sio mbovu. Shida ni unachoilisha.

Turudi uwanjani. Kilichoanza kutusumbua sio hata Zohali, ni betri. Inakula betri nane za AA, zile ndogo za rimoti, na sisi tulinunua dukani kwa Mangi za bei ya chini kabisa. Tukawasha, taa nyekundu ikawaka, raha. Ukibonyeza mshale mota ikizunguka polepole sawa, ukiiambia iende mbali kwa kasi, inanguruma sekunde tatu, kioo cha rimoti kinafifia, inajizima na kuwaka upya, na kila ikiwaka upya imesahau kila kitu unaanza tena tarehe, saa, mahali. Tumefanya hivyo mara nne. Mara ya tano nikatoa betri za tochi yangu zilizokuwa nzuri zaidi, ikashika.

Sasa wakati mimi nahangaika na betri, Madam wa jiografia ndo alikuwa anaingiza taarifa, maana yeye anazijua latitudo na longitudo kuliko sisi wote, na kweli aliingiza vizuri, nyuzi 7 dakika 46 kusini, nyuzi 35 dakika 42 mashariki, hata ile ya kubadilisha kaskazini kuwa kusini ambayo watu wengi wanaisahau yeye hakuisahau. Rimoti ikauliza nyota ya kwanza, ikaleta orodha yake, na ya kwanza kabisa ilikuwa Sirius. Chini yake Canopus.

Mwalimu akasema haya Sirius iko wapi. Kimya. Kuna binti wa form two alikuwa amekaa chini kashika daftari akasema, mwalimu, Sirius si ile uliyotuonyesha alfajiri tukienda kuoga, haitoki saa hizi. Nilimsikia kabisa. Ila nikampuuza, nikasema hiyo orodha labda ni ya mfano tu, tuchague Altair iko pale juu kabisa. Altair kwenye orodha haipo. Vega haipo. Tukatafuta Zohali moja kwa moja, ndo ikatupa lile jibu la chini ya upeo. Nikaanza kulaumu waya, nikalaumu mota, nikamlaumu jamaa wa Ujerumani moyoni, matron akapiga kengele saa nne, watoto wakaenda kulala hawajaona hata kitu kimoja, maana hata Mwezi usiku ule haukuwepo mapema.

Jumapili baada ya ibada tukakaa barazani kwa mwalimu, mimi, yeye na Madam, chai na mihogo, darubini katikati kama mgonjwa. Nikamwomba Madam anirudie alichoingiza, na kwa bahati nzuri yule mama ana tabia ya kuandika kila kitu, akafungua kijitabu chake. Kilikuwa kimeandikwa 07/10/2023. Halafu 2:10. Halafu PM, akasema nilichagua PM kwa sababu ilikuwa usiku.

Nadhani umeshaona. Saa yake ya mkono ameiweka kwa saa zetu, saa mbili na dakika kumi, akaandika mbili na kumi. Kwa rimoti hiyo ni saa nane na dakika kumi mchana. Kosa la saa sita. Na hiyo rimoti imetengenezwa kwa watu wanaoanza na mwezi ndo waandike siku, kwa iyo 07/10 yeye kaandika tarehe saba mwezi wa kumi, yenyewe imesoma tarehe kumi mwezi wa saba. Ingekuwa tarehe 13 na kuendelea ingekataa maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, lakini siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi inameza tu bila kulalamika, na hapo ndo hatari ilipo.

Mi hapo nikachukua kalamu kwa sababu nilitaka kujua kosa lenyewe ni kubwa kiasi gani. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, saa sita ni nyuzi 90. Hiyo ni ya saa. Ya tarehe sasa, kila siku nyota zinawahi kuchomoza kwa karibu dakika nne, na kutoka tarehe 10 mwezi wa saba hadi tarehe 7 mwezi wa kumi ni siku 89, zidisha, inakuja saa sita kasoro kidogo. Nyuzi karibu 90 nyingine! Na makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, kwa iyo jumla ni kama saa kumi na mbili, nusu ya anga. Yaani kompyuta ilikuwa inaangalia anga la upande wa pili wa dunia. Kila kilichokuwa juu ya vichwa vyetu yenyewe inakijua kiko chini ya miguu yetu, ndo maana Zohali iko chini ya upeo, ndo maana Altair haipo, na ndo maana ikatuletea Sirius na Canopus ambazo kwa hesabu yake zilikuwa zimeshapanda vizuri. Haikukosea hata kidogo. Yule binti wa form two alikuwa na jibu mkononi saa mbili na robo, ningemsikiliza tungeona Zohali.

Madam aliona aibu na mi nikamwambia usione aibu, na nalisema tena hapa, hilo sio kosa lake. Mtu anayeingiza saa jinsi anavyoisema kila siku ya maisha yake hajakosea, mashine ndo imetengenezwa na mtu asiyejua kwamba kuna mamilioni ya watu siku yao inaanza saa kumi na mbili asubuhi na sio saa sita usiku. Simu janja ya bei chee inajua iko wapi na saa ngapi bila kuulizwa. Kuna darubini za kompyuta ambazo zinaunganishwa na simu kwa Wi-Fi na kuchukua saa, tarehe na mahali kutoka huko, na kama unanunua kwa ajili ya shule ya Kiswahili basi mi ningesema hiyo moja tu ni sababu ya kuongeza hela, usiangalie hata orodha ya vitu elfu ngapi. Ila nazo zina lao, ntakuja huko.

Tukaendelea kuifanyia uchunguzi. Mchana ule tuliitoa nje tukaielekeza mnara wa simu wa mbali, upande ambao jua halipo, na hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu, hii kitu usiielekeze juani kamwe bila chujio lake mbele ya bomba, na ya kompyuta ni hatari zaidi kwa sababu ukiiambia iende mahali inachagua njia yake yenyewe, inaweza kupita juani wakati mtoto ameweka jicho. Mfuniko mbele mpaka uhakikishe. Basi, mnara ukawa katikati ya lenzi, nikachungulia kile kidude cha nukta nyekundu cha kulengea, nukta iko kwenye paa la jirani. Kwa iyo hata tungekuwa na saa sahihi, kuweka nyota ya kwanza kwenye lenzi ingekuwa bahati nasibu. Skrubu mbili, dakika tano, imekaa.

Kioo kilichukua muda zaidi. Usiku wa Jumapili tulichukua nyota moja kali tukaiharibu fokasi makusudi, ikawa kama andazi lenye tundu, na tundu limekaa pembeni, halafu andazi lenyewe sio mviringo. Maana yake vioo havijalingana, safari ya ndege na ya basi la Iringa sio mchezo. Kuna skrubu tatu nyuma, unakaza moja unalegeza nyingine robo robo, mmoja anachungulia mwingine anageuza, tulimaliza saa tano usiku tukiwa na tundu karibu katikati. Karibu. Maana hizi bomba fupi zenye urefu wa fokasi (ile namba inayoamua ukuzaji) wa milimita 1000 ndani ya nusu mita zina ujanja wake, kioo chake kimebonyea kama kipande cha tufe, umbo ambalo ni rahisi kulitengeneza, halafu wameficha lenzi ndogo kule ndani ya fokasi ya kuvuta taswira na kurekebisha kasoro, na hiyo lenzi kwenye za bei chee ndo inayoleta ukungu kidogo ambao hautoki hata ukaze skrubu mpaka asubuhi. Ndo gharama ya kuingia kwenye begi.

Na hapa ndo kwenye hoja ambayo naona inapindwa sana. Ukiwa na laki nane ukanunua ile ya kusukuma kwa mkono, laki nane yote imeenda kwenye kioo na mbao. Ukinunua ya kompyuta, hela hiyo hiyo imelipa mota mbili, gia, rimoti, na kilichobaki ndo kikanunua kioo na miguu. Kioo cha 150 kinakusanya mwanga mara 1.7 ya kile cha 114. Kwa iyo kompyuta inakupeleka kwenye vitu elfu nne, halafu kioo chake hakina uwezo wa kukuonyesha vingi kati ya hivyo, unafika, unachungulia, kuna kaukungu ambako mtoto anakuuliza mwalimu ni kipi. Uranus ni nukta. Neptune ni nukta iliyofifia zaidi. Hiyo namba ya elfu nne kwenye boksi naionaga kama menyu ya mgahawa wa stendi, imeandikwa kila kitu ukiagiza unaambiwa kuna wali maharage.

Miguu nayo. Stendi ya hizi ni nyepesi, ukigusa fokasi tu Zohali inacheza singeli sekunde nne tano. Tuliihamisha kutoka kwenye nyasi tukaiweka kwenye zege mbele ya bwalo, tukaacha miguu mifupi bila kuivuta, watoto warefu wakainama, na mwalimu akaning'iniza ndoo ya maji chini katikati. Ikapungua mpaka sekunde moja na nusu hivi. Hakuna kitu tulichofanya siku zile kilicholeta tofauti kubwa kwa bei ndogo kama ile ndoo.

Umeme tukautatua kwa betri ya bodaboda. Jamaa mmoja anapaki nje ya geti ana betri ya akiba ya volti 12, tukaikodi kwa soda na elfu tano, mi nikachomelea waya na plagi, chanya katikati hasi nje, ukigeuza umeua bodi ya mota na hakuna spea mtaani. Inakula kama ampea moja ikizunguka kwa nguvu, ikiwa imetulia inafuata nyota inakula kidogo tu, betri kama hiyo jioni nzima haisikii.

Jumamosi ya tarehe 21 tukarudia. Safari hii tarehe hata tungeikosea ingekataa, na mwalimu alikuwa ameandika kikaratasi akakibandika mguuni kwa stendi kwa gundi ya karatasi, kwamba mwezi kwanza ndo siku, na saa ya ukutani ongeza kumi na mbili na sita, aa hapo wakabishana wee na Madam mpaka wakaandika tu jedwali, saa moja usiku ni 19, mbili ni 20, tatu ni 21. Yule binti wa form two ndo akapewa rimoti. Tukachagua Vega kule kaskazini magharibi na Fomalhaut kusini mashariki, zimeachana kama nyuzi 90 ambayo ndo inapendwa, akaziweka katikati kwa lenzi ya milimita 10 inayokuza zaidi, sio ile ya 25, na kila mara anamalizia kwa mshale wa juu na wa kulia kwa sababu gia zina ulegevu na ukimalizia upande tofauti kila mara inapotea. Rimoti ikaandika imefaulu. Akabonyeza Mwezi, ulikuwa nusu kabisa usiku ule, bomba likageuka, na ulipotulia ulikuwa ndani ya lenzi. Watoto walipiga kelele kabla hata ya kuchungulia, kwa kuona tu chuma kinajua njia.

Ila shida ya kwetu ikajitokeza na hii sijaiona imeandikwa vya kutosha. Karibu na ikweta sayari zinapita juu ya utosi. Zohali mwezi ule kwa Iringa ilikuwa inapita nyuzi kama tano tu kutoka utosini, na ilifika pale kwenye saa tatu kasoro, muda ule ule tulioutaka. Stendi hizi zinazunguka kushoto kulia na juu chini, kitu kikiwa utosini ile mota ya kushoto kulia inatakiwa izunguke haraka sana kwa kitu kinachosogea kidogo, inazidiwa, taswira inaruka, inatoka. Tukaiacha, tukarudi Mwezini, saa tatu na nusu Zohali imeshaanza kuinama magharibi ikashikika vizuri. Na usiseme basi ningenunua stendi ile ya ekweta, ya mhimili unaoinamishwa kufuata mzunguko wa dunia, yenye vyuma vya kusawazisha uzito, ile mhimili wake unatakiwa uinuliwe kwa nyuzi za latitudo yako, Iringa ni nyuzi karibu nane, unakuwa umelala kama mkeka, na nyingi za bei rahisi zinakwama kabla hazijashuka hapo. Kwetu huku ya kushoto kulia ndo afadhali, na matatizo yake ya utosini.

Sasa nisikilize hapa maana ndo nilipobadilisha mawazo yangu mwenyewe. Nilikuwa nadhani faida ya hii kitu ni kutafuta. Sio. Zohali haihitaji kutafutwa, mtoto wa form one aliiona kwa macho. Mwezi hautafutwi. Mshtarii mwezi ule ukitoka saa mbili usiku unaona taa nzima. Faida ni kushikilia. Kwa lenzi ya 10 tulikuwa na ukuzaji wa mara 100, duara la anga unaloliona ni nusu nyuzi, na dunia inavyozunguka Zohali inakatiza hilo duara kwa dakika mbili tu imetoka. Kwa ile Dobson ya mkono, kila mtoto mmoja akimaliza au mwingine katikati, mwalimu anatakiwa aje achungulie, aisukume, aondoke, na mtoto wa form one akishika bomba kwa mikono miwili kama chupa ya juisi unaanza upya. Usiku ule watoto 43 walipanga foleni moja, karibu saa nzima, na yule binti aliirudisha katikati mara mbili tu. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni anafundisha. Anafundisha! Anaeleza pete, anaeleza Titan, mwezi wa Zohali, ile nukta pembeni, hajainama kwenye bomba hata mara moja.

Pete zilionekana, ndogo, kama pete za picha ya stempu, na ule ukungu wa lenzi iliyofichwa ukiwepo kwa mbali. Mimi niliona ukungu. Watoto hawakuuona, mmoja akaenda mbele ya bomba kuangalia kama tumebandika stika.

Kwa iyo mtu mmoja, peke yako, una gari au una fundi seremala wa kukutengenezea kitako cha mbao, unataka kuona vitu hafifu na unapenda kujifunza anga, mi nakwambia bado ile ya mkono inaipiga hii mbali sana, na ramani ya anga unayo kwenye simu, Stellarium ya bure inatosha kabisa kukuonyesha kipi ni kipi. Kuna hata zile za kampuni ya Celestron za StarSense tangu 2020, hazina mota, simu inapiga picha nyota na kukwambia sukuma huku sukuma kule, hizo naona ni busara maana hela imebaki kwenye kioo. Na kuna kizazi kipya kabisa kama Seestar S50 ya 2023, lenzi ya milimita 50, hakuna mahali pa kuweka jicho, inakusanya picha inakuletea kwenye simu, nebula, yale mawingu ya gesi huko angani, zinatoka vizuri kuliko ungeziona kwa jicho, ila Zohali kwayo ni kapunje, na mtoto anaangalia simu, kitu ambacho angeweza kufanya bwenini.

Lakini kundi la watu, mwalimu mmoja, mwanga wa taa za shule kila upande, hapo hii ya kompyuta na umaskini wake wa kioo inastahili. Nilikuwa nimeipigia debe kwa sababu isiyo sahihi, nikaja kuikuta sahihi kwa sababu nyingine.

Kinachoniogopesha ni baadaye. Dobson ukiinunua leo, mjukuu wako ataisukuma. Hii bila umeme haisogei kabisa, ukiilazimisha kwa mkono unavunja meno ya gia, na rimoti ikifa una bomba la kuwekea maua. Zile za kutegemea simu zinaishi kwa muda ambao mwenye programu anaamua kuisasisha. Meade wenyewe, hao waliozieneza hizi habari, mwaka 2024 wamefunga pamoja na kampuni mwenzao Orion, na watu wenye rimoti zao sasa wanawinda spea za mtumba. Mwalimu nilimwambia rimoti ya pili ya mtumba ndo mchango wa kwanza wa mwakani, kabla ya lenzi mpya, kabla ya kitu chochote.

Wiki iliyofuata, tarehe 28, Mwezi ulipatwa kidogo, kipande tu, asilimia kama 12 hivi ya kipenyo chake, kuanzia saa nne na dakika 35 usiku. Shule ikatoa ruhusa. Yule kijana wa bodaboda alikuja kwenye saa tano hivi kudai betri yake, ana abiria wa kwenda Ipogolo asubuhi mapema. Mwalimu akamwambia chungulia kwanza ndo uichomoe. Akavua kofia, akainama, akakaa pale mpaka foleni ikaanza kumlalamikia. Akanyanyuka, hakugusa waya, akazunguka nyuma kabisa ya foleni akapanga upya, na kule nyuma akamuuliza binti wa form two, hivi hiyo rimoti inajuaje ni saa ngapi?